Kompyuta Iliyomruhusu Mgonjwa Aende Zake

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nikifundisha hesabu katika shule moja ya sekondari kule Changamwe, nami nimepanga chumba Bombolulu. Shahada ya uzamili nilikuwa nayo, imelala sandukuni pamoja na nguo za sikukuu. Siku moja nikaona tangazo gazetini: nafasi za utafiti wa uzamifu kwa mwenye kutaka kuunda programu za kompyuta za kumsaidia muuguzi kuamua mgonjwa anaumwa nini. Sharti lilikuwa kwamba mwombaji aende kwenye usaili na programu aliyokwisha kuijaribu kwa wagonjwa wa kweli.

Niliiandika likizo nzima, kwa kompyuta kuukuu niliyoazimwa na mwalimu mkuu. Ilipokamilika nikaipakia kwenye mkokoteni, nikaifunika leso, nikaenda nayo zahanati ya Junda. Njiani watu wawili walidhani ni televisheni, wakaniuliza mpira unaanza saa ngapi.

Muuguzi mkuu wa pale alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa Kisauni, na alikuwa amenikubalia mradi kila mgonjwa nikimaliza naye, yeye ampime kwa njia yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hicho ndicho daktari?"

"Si daktari, mama. Kinasaidia kuamua tu."

"Haya, kiwashe tukione kikiamua."

Mgonjwa wa kwanza alikuwa mzee mmoja mkulima. Alikuwa akitetemeka mpaka benchi lote linacheza, na waliokaa naye wanacheza pia. Nikamsomea swali la kwanza kwenye kioo: "Hali yako ikoje?"

"Nzuri, alhamdulillahi," akajibu, meno yakigongana. "Nyumbani hawajambo?"

Kati ya majibu ya kuchagua, nzuri ilikuwa namba moja. Nikabonyeza moja. Kompyuta ikakoroma kidogo, kisha ikaandika kwa herufi kubwa: MGONJWA HANA TATIZO. ARUDI NYUMBANI.

Nami, kwa ujinga wangu, nikamsomea.

"Basi, kama imesema," mzee akasema kwa adabu. Akaokota bakora yake, akatoka. Alikuwa ameshafika langoni muuguzi alipomkimbilia, viatu mkononi, na kumrudisha kwa kumshika kiwiko. Damu yake ilipopimwa ilikutwa imejaa malaria.

"Mwanangu," muuguzi akaniambia huku akihema, "huku kwetu mtu hata akiwa anakata roho, ukimuuliza hali atakwambia nzuri. Hiyo ni salamu, si jibu!"

Akafuata mama aliyembeba mtoto mgongoni. Kompyuta ilitaka kujua mtoto anaharisha mara ngapi kwa siku.

"Hashakum," akanong'ona, "tumbo lamwendesha kidogo."

"Mara ngapi?"

"Si nyingi."

Mashine ilitaka tarakimu. Nikamtazama muuguzi. "Si nyingi ni kumi," akasema bila kuinua kichwa. "Angesema nyingi, ningekuwa nishamtundikia maji." Yule mama akaitikia kwa kichwa, macho sakafuni.

Jioni nilirudi Bombolulu na aibu yangu. Nililia kidogo, nikala mkate, nikaona kwamba yule mama muuguzi alikuwa na programu nzuri kuliko yangu, ila yake haijaandikwa popote. Kesho yake nilikwenda na daftari. Kwa wiki tatu, kila nilipotoka shuleni, niliketi ubavuni pake nikiandika. "Kijoto" ni homa kali. "Nimechoka tu" kwa mwanamume ni kifua, muulize kikohozi. "Naulizia dawa ya jirani" ni ugonjwa wake mwenyewe, funga mlango kwanza. Yote nikayaingiza kwenye programu. Mwisho wake ikawa inasalimia, inasubiri, inauliza jambo lile lile mara tatu kwa njia tatu, na tulipoilinganisha na muuguzi walikuwa wakikubaliana zaidi ya wanavyogombana.

Kwenye usaili Nairobi walikuwa maprofesa watatu. Mmoja alisoma swali langu la kwanza, "Watu wa nyumbani hawajambo?", akavua miwani.

"Hili lina uhusiano gani na tiba?"

Nikamsimulia habari za mzee na lango. Walicheka mpaka karani akafungua mlango kuchungulia. Kisha yule aliyevua miwani akaivaa tena na kuniuliza maswali makavu kwa saa nzima.

Barua ya kukubaliwa ilipofika, nilikwenda nayo mbio mpaka Junda. Muuguzi alipiga kigelegele, akawatangazia waliokuwa wakisubiri, "Huyu sasa atakuwa daktari!" Benchi zima likanigeukia, mmoja ameshakunja mkono wa shati.

"Si daktari wa namna hiyo," nikasema.

"Usome miaka yote hiyo, na sindano usijue kuchoma?"

"Sijui, mama."

Alinitazama kwa huruma ya kweli. Wagonjwa walipokwisha akanipa bomba la sindano lenye maji, akaniwekea machungwa mezani. Nilichoma matatu. La nne tulilimenya, tukala.