Betri ya Papa Furaha Iko Kwangu

Kichwa bado kinakataa. Asubuhi nimepiga namba ya Papa Furaha, nikingoja anitanie kama kawaida. Akapokea mke wake, Mama Furaha. Analia tu.

Jana mchana risasi ilitoboa bati la atelie yake, karakana ile ya mtaa wa Mapendo, Goma, ikamuua. Hakuwa njiani, hakuwa anakimbia. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, anakaza skrubu. Mungu wangu!

Ninyi mlimjua kama fundi wa pikipiki za umeme. Mimi alinibatiza Muzee Kabureta. Acha niwaambie kwa nini.

Miaka yote nimeendesha pikipiki ya mafuta, Goma–Kiwanja. Siku nilipomletea hii ya umeme, nilifika na chupa ya oili mkononi. "Papa Furaha, tunamwaga wapi?"

Akatazama chupa, akanitazama mimi. "Muzee, ukakaangie viazi."

Basi nikalala kifudifudi juu ya mawe ya volkano, natafuta kabureta, kumbe ya umeme haina! Akanivuta shati.

"Sikia. Betri ndiyo tangi. Mota imejificha humu, katikati ya gurudumu la nyuma. Na hii sanduku chini ya kiti ni kontrola. Wewe unazungusha mukono, yeye anapima umeme wa kupeleka kwa mota. Ukishika freni, anaukata."

"Sasa mimi kazi yangu nini?"

"Wewe ni muzigo."

Wiki ileile nilisimama mbele ya mama muuza nyanya, jirani na atelie. Sikusikia ngurumo, nikadhani imezimika. Nikaegemea usukani, mkono ukazunguka... Aisee, pikipiki ikaruka ndani ya nyanya! Tuliokota nyanya na Papa Furaha, yeye akicheka mpaka akakaa chini. "Angalia taa ya kwenye kioo, Muzee! Ikiwaka, iko tayari kwenda. Hii haipige kelele kama wewe!"

Volkano ilipolipuka, sote tulikimbilia Sake na magodoro vichwani. Yeye alibeba betri ya mteja mgongoni kama mutoto. Nikamuuliza godoro lake liko wapi. "Godoro ni langu. Hii ni ya mwenyewe."

Juzi vita vimefika mlangoni, umeme hakuna mji mzima. Mama yangu hawezi kutembea, na betri yangu tupu kabisa. Papa Furaha akachomoa ya pikipiki yake, aliyoichaji kwa jua, akanifungia.

"Na wewe utatoka na nini?"

"Peleka mama kwanza."

Mama amefika salama. Pikipiki ya Papa Furaha ilibaki imeegemea ukuta, bila betri. Tangu asubuhi najiuliza: angekuwa nayo, si angekuwa ameshatoka?

Papa Furaha, kaka, vimebaki vijiti vitatu vya chaji kwenye kioo. Ni umeme wako. Nilitaka nisiuguse kamwe, lakini nakusikia ukinigombeza: "Betri ya kuwekwa tu inakufa, Muzee!"

Basi naipanda sasa, nairudisha kwa Mama Furaha. Nitaangalia taa.

Lala salama, fundi wangu. Muzigo wako uko njiani.