Pasipoti ya Tumaini Ndani ya Ulezi wa Mbegu

Waliokuwepo nawataja kwanza, asije akatokea mtu akasema Mama Festo kazeeka, anachanganya mambo. Alikuwepo mjukuu wangu Tumaini, mtoto wa marehemu Festo wangu, niliyemlea mwenyewe hapa Kihesa tangu hajaota jino. Alikuwepo mchumba wake Ambakisye, kijana wa Soweto kule Mbeya, anayefanya kazi ya kupima mawe kwenye mgodi wa dhahabu wa Makongolosi. Alikuwepo Atuganile, mama yake Ambakisye, na binti yake wa mwisho, Subilaga, ambaye ndiye niliyemkosea kuliko wote. Alikuwepo Witness, mke wa mwanangu mdogo, ninayekaa naye nyumba moja. Na alikuwepo Mzee Zakayo, mzee wa kanisa mwenye sauti ya kuamsha mtaa, pamoja na washarika wote wa ibada ya pili, ambao siwataji mmoja mmoja (ningeweza, ila karatasi itaisha). Hao wote waliona nilivyoumbuka, na bora niseme mwenyewe kuliko kusemewa.

Ilikuwa Ijumaa, wakwe wamekuja kutoka Mbeya kupanga siku ya ndoa, tumekula, tumeshiba, maneno ni mazuri, ndipo Ambakisye akatoa simu yake akasogea karibu yangu.

"Mke mkubwa," akaniambia (ananitania hivyo kwa sababu bibi wa mchumba wake ni mke wake pia, ndio utani wetu), "tukishafunga ndoa namchukua mke mdogo, tunakwenda kupumzika Meksiko."

"Meksiko ya wapi?"

"Meksiko yenyewe Bibi, ile ya kwenye tamthilia," akadakia Tumaini.

Sasa hapo wakaniharibia kabisa, maana ile Meksiko ya kwenye tamthilia mimi naijua, mimi na Witness tunaiangalia kila jioni wanavyoongea Kiswahili midomo yao ikiwa imeshafungwa, na tangu nianze kuangalia sijaona mwanamume wa kule akampeleka msichana ufukweni kwa nia njema. Ama ana mke mwingine, ama ana pacha wake gerezani, ama siku ya tatu msichana anaamka hospitali hajui hata jina lake.

Ambakisye akanionyesha picha. Mchanga mweupe, maji, kibanda kimeezekwa makuti, basi. Nikaitazama ile picha huku na huku.

"Watu wako wapi?"

"Ndio uzuri wake, Bibi. Kule wanakokwenda watalii ni makelele usiku kucha. Hapa ni kijijini, kimya, hakuna fujo. Ni kwao Ramoni, yule Mmeksiko ninayefanya naye kazi mgodini. Kaka yake ndiye mwenye hizi nyumba. Ni salama kabisa."

Hapo kwenye salama ndipo masikio yangu yaliposimama. Mimi nimezeeka Kihesa, na hajatokea mtu hata siku moja akaniambia Kihesa ni salama, maana mahali palipo salama hapatangazwi. Nikamuuliza salama ya kuogopa nini. Nikamuuliza balozi wa nyumba kumi wa huko anaitwa nani. Nikamuuliza, mtu akipiga kelele kwenye hicho kibanda, nani atasikia?

Kijana wa watu akajibu yote. Tena akatoa karatasi aliyoandika kila kitu: siku ya kufika, jina la mwenyeji, zahanati iko umbali gani, saa ya kunipigia simu kila siku, kwamba hawatasafiri barabarani giza likiingia, kwamba Tumaini hataingia maji yanayopita magoti (maana hajui kuogelea, Ruaha Mdogo wenyewe alivuka akiwa mgongoni kwangu). Mimi nina darasa la pili tu lakini herufi nazijua, nikaifuata ile karatasi kwa kidole mpaka chini. Ilikuwa safi mno. Nikajisemea moyoni, mtu mwenye nia njema hajipangi hivi.

"Si Matema ipo?" nikasema. "Mchanga upo, maji yapo, na Kiswahili kinasikika."

Atuganile akacheka. "Mama, wakienda Matema si ukoo wetu wote utawafuata? Hiyo siyo fungate tena, ni kikao."

Wakacheka wote, nami nikacheka, lakini moyoni nilikuwa naunganisha mambo. Kijana wa dhahabu. Rafiki asiyejulikana kwao. Kibanda kisicho na jirani. (Mnajua yanayosemwa kuhusu watu wa dhahabu, eti wanatoa watu kafara, mengi ni uongo, ila uongo nao unaingia kwa sikio lile lile.) Na Jumatatu asubuhi Ambakisye alikuwa aondoke na pasipoti zote mbili kwenda Dar kuombea viza, siku aliyopangiwa ni moja tu. Nikaona kumbe jambo lenyewe ni jepesi. Jumatatu ikipita bila pasipoti, Meksiko imekufa, watakwenda Matema.

Jumamosi asubuhi Tumaini na Subilaga, waliokuwa wanalala chumba kimoja, wakaenda sokoni. Mkoba wa Tumaini ulikuwa kitandani. Sikuiba, jamani. Niliazima. Nikakichukua kile kitabu, nikakifunga kwenye kitambaa, nikaenda stoo nikakizamisha katikati ya kiroba cha ulezi wa mbegu. Stoo kulikuwa na viroba viwili: kimoja ulezi wa kupeleka kanisani kesho yake, maana ilikuwa Jumapili ya mavuno, na kingine ulezi wa mbegu. Mbegu kwa kawaida yetu haiguswi, hata njaa ikija mtu anakula majani anaiacha. Nikaona hakuna sanduku zuri kuliko hilo.

Mchana Tumaini akafungua mkoba. Nyumba ikapinduliwa, magodoro nje, makochi yamegeuzwa miguu juu.

"Bibi, hujaiona?"

"Mimi na pasipoti wapi na wapi?"

Ningeishia hapo ingekuwa nusu ya dhambi. Lakini Tumaini akawa analia, Ambakisye amekaa ameshika kichwa, na watu wakaanza kuulizana nani aliingia chumbani, macho yakazunguka, nikahofu yatafika kwangu. Ndipo nikasema neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka nanyonga kanga yangu:

"Chumbani mlikuwa mnalala wawili. Mimi simtaji mtu."

Ukitaka kumtaja mtu mbele ya watu wote, sema humtaji.

Subilaga alileta begi lake akalimimina lote juu ya mkeka, nguo zake, taulo lake, hata zile za ndani, kaka yake anaona, kila mtu anaona, akakung'uta begi tupu, akarudi nyuma akasimama ukutani. Atuganile akazikusanya zile nguo moja moja, anakunja. Alipomaliza akasema kwa upole, na upole wake ulinitisha kuliko ukali:

"Wanangu sikuwafunza wizi. Kesho tukitoka kanisani tunaondoka. Hayo ya ndoa tutayazungumza tukiwa kwetu."

Nikaona macho ya Tumaini. Nilitaka kuizuia safari, sasa ninaua ndoa. Nikapanga asubuhi wakitangulia kanisani nibaki nyuma kidogo, niichomoe, niitupe chini ya kitanda, kisha nipige vigelegele kwamba nimeiona. Siku ile isingewezekana, Witness alikuwa anaingia stoo na kutoka kama siafu.

Jumapili wakatangulia. Nikakimbilia stoo. Kiroba kilichobaki ni kile cha kanisa. Cha mbegu hakipo!

Yelewi! Sijui nilivaaje viatu. Nimefika kanisani ibada imeshaanza, nikamkuta Witness benchi la akina mama, nikamnong'oneza: "Umebeba kiroba gani?"

"Cha mbegu, mama. Kile kingine kina mawe. Tungetoa mawe mbele ya wakwe?"

Kiroba changu kilikuwa kule mbele, kimeegemea madhabahu, kati ya maboga na jogoo wa mtu. Mahubiri ya siku ile msiniulize.

Ibada ikaisha, tukatoka nje kwenye mnada wa mavuno, Mzee Zakayo akapanda juu ya ngazi za kanisa akaanza kuuza. Jogoo akaenda, maboga yakaenda. Kisha: "Ulezi wa Mama Festo! Nani anauanzia?"

Nikanyoosha mkono wa kwanza.

Watu wakageuka. Kwetu sadaka ukishaitoa umeitoa, hujawahi kuona mtu anagombania sadaka yake mwenyewe mnadani. Na hapo hapo Atuganile naye akanyoosha mkono, kumbe pamoja na uchungu wake alitaka aondoke kwa heshima, anunue ulezi wetu asije akasemwa kwamba wakwe wa Mbeya waliondoka bila kushiriki mavuno. Nikapandisha. Akapandisha. Nikapandisha tena, naye akanitazama kama anayesema, hata hili unaninyima?

"Mama Festo," Mzee Zakayo akapaza sauti, "huu umeshamtolea Bwana. Unataka akurudishie chenji?"

Uwanja mzima kicheko. Nami fedha yangu yote ya kwenye pindo la kanga ilikuwa imekwisha kutajwa. Atuganile akashinda mnada. Nilipoona ananyanyuka kukifuata kiroba, akili ikanitoka nikapiga kelele:

"Usiuchukue! Una fukusi!"

Hapa kama msomaji ni mtu wa mjini nimweleze: mahindi yanaliwa na fukusi, maharage yanaliwa, lakini ulezi hauliwi, ulezi unakaa stoo mpaka mtoto aliyezaliwa siku ya kuuvuna anaoa. Kila aliyesimama pale ni mkulima au mtoto wa mkulima. Mama mmoja, Rehema muuza mboga, akasema kwa sauti, "Ulezi wa wapi huo unaoliwa na fukusi?" Na Mzee Zakayo, kwa kuona aibu inaupata usharika wetu mbele ya wageni, akaagiza uletwe ungo, wakwe wajionee wenyewe kwamba ulezi wa Kihesa ni msafi.

Nikasema hapana. Nikasema jua kali. Nikasema naumwa, na nilikuwa naumwa kweli. Wakamimina. Ulezi ukashuka mwekundu, mzuri, halafu kitambaa changu puu, kikafunguka. Mzee Zakayo akaokota, akafungua kile kitabu, na kwa mazoea yake ya kunadi akasoma kwa sauti ile ile: "Tumaini Festo!"

Hakuna aliyecheka. Tumaini akakipokea kitabu chake. Aliyezungumza ni Subilaga, na hakupaza sauti:

"Kumbe ndiyo maana hukumtaja mtu, Bibi."

Nikakaa pale pale kwenye ngazi. "Ni mimi," nikasema. "Niliogopa."

"Uliogopa nini, Mama?" Atuganile akauliza.

"Mahali pasipo na watu."

Ambakisye akachuchumaa mbele yangu. "Mke mkubwa, ungeniambia tu kwamba unaogopa. Ningempigia Ramoni ukaongea naye. Maswali uliniuliza mengi, lakini hilo hukuniambia." Na ni kweli, nilimpeleleza kama polisi lakini sikumwambia kwamba Festo wangu alikwenda mbali kutafuta kazi akarudi kwenye jeneza, na Tumaini ndiye aliyebaki.

Nikadhani yamekwisha. Nikataka kuinuka niombe radhi twende nyumbani. Atuganile akanishika bega, akanirudisha chini.

"Ndoa ni ya watoto, siivunji. Lakini mwanangu jana amemwaga nguo zake mbele ya watu kwa sababu ulisema humtaji mtu. Sasa mtaje."

Nikasimama kwenye ile ngazi ya mnada. Usharika mzima unanitazama, watu niliowafundisha watoto wao kuimba. Nikasema: "Huyu anaitwa Subilaga, binti wa Atuganile wa Soweto, Mbeya. Hakuiba kitu. Nilimsingizia mimi, nikijua." Yalikuwa maneno machache lakini nilitokwa jasho kuliko siku zote nilizolima. Subilaga akaitikia "ndaga", kwao ni asante, akaenda kukaa kwenye gari lao.

Jumatatu pasipoti zilikwenda Dar. Ndoa ilifungwa. Meksiko walikwenda, na kila siku saa ile iliyoandikwa kwenye karatasi simu iliita, Tumaini amesimama mchangani, kanenepa. Siku ya kwanza nilimwomba azungushe simu nione nyuma yake. Akazungusha. Hakukuwa na mtu. Sikupenda, ila safari hii nilimwambia, "Mjukuu wangu, naogopa," akakaa nami kwenye simu mpaka nikatulia. Wakarudi wote wawili na majina yao wanayajua.

Ambakisye alinisamehe siku ile ile. Atuganile alikunywa chai yangu mwezi uliofuata. Lakini Subilaga kila akija Kihesa anasimama mlangoni, anaufungua mkoba wake wazi na kusema, "Bibi, kagua kwanza," na watu wanacheka, nami nacheka, na kila mara nasubiri aseme anatania. Hajasema. Basi nimeapa, mashaka yangu bora niyaseme kwa mdomo wangu nikiitwa mwoga, kuliko kumtupia mtoto wa mwenzangu.

Nimeandika nilivyokumbuka. Kama ulikuwepo na unaona nilinyoosha mkono mara nne siyo tatu, au jogoo aliuzwa baada ya ulezi, au yule mama aliyeuliza habari ya fukusi hakuwa Rehema, njoo unisahihishe, nitakushukuru. Ila neno nililosema juu ya Subilaga nalikumbuka sawasawa, hilo usihangaike nalo.