Nyanya Zisizofika Kwenye Damu ya Bibi Zuhura

Siku yangu ya kwanza kazini, hapa Morogoro, Mkuu wa Maabara alinituma kufunga mapazia. "Likopeni haipendi mwanga," aliniambia. "Ukiianika, jioni utakuwa unapima maji." Likopeni ndiyo rangi nyekundu ya nyanya. Nikiwa fundi sanifu, niliifuatilia katika damu za watu mpaka nilipostaafu mwaka jana.

Katika nyanya isiyopikwa imefungiwa ndani ya seli; moto huilegeza. Haiyeyuki katika maji bali katika mafuta, ndiyo maana mchuzi huitoa zaidi kuliko kachumbari. Tumboni mafuta hukutana na nyongo itokayo kwenye ini, yakavunjwa kuwa matone madogo mno, na humo likopeni hupenya ukuta wa utumbo mwembamba. Nyingi hutoka na choo. Inayoingia husafiri na mafuta ya damu hadi kwenye ini na viungo vingine, ambako mwili huikatakata polepole.

Alipokuja Mkuu mpya, tuliwapima watu wa kijiji cha Mkuyuni. Kwa wiki kadhaa walikula mchuzi wa nyanya wenye mafuta, kisha tukawatoa damu tena, tuilinganishe na ya mwanzo. Kwa wote likopeni ilipanda, isipokuwa kwa Bibi Zuhura, mkulima wa mlimani. Yake ilishuka.

"Hakula huyo," Mkuu alisema. "Mfute kwenye orodha."

"Binti yake anasema anamaliza bakuli."

"Mashine haidanganyi. Binti anaweza."

Nilirudia kipimo mara tatu. Jibu lilikuwa lilelile, na mimi sikutulia. Kesho yake nikachukua pikipiki hadi Mkuyuni bila kuomba ruhusa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umefuata damu tena?"

"Leo nimefuata maneno. Ule mchuzi unakula kweli?"

"Nakula. Ila nikishakula panachoma hapa." Akagusa chini ya mbavu za kulia. "Na mwili unaniwasha, najikuna mpaka nachubuka."

"Na choo?"

Alinitazama kama mtu aliyekosewa adabu. "Cheupe. Kama majivu."

Nilimwomba atoke nje, penye mwanga. Macho yake yalikuwa ya manjano. Nyongo haikuwa ikifika kwenye utumbo, na bila nyongo likopeni haina njia. Mimi na binti yake tukampeleka hospitali siku hiyohiyo. Jiwe lilikuwa limeziba mrija wa nyongo. Walimpasua, akapona. Miezi michache baadaye tulimpima tena. Likopeni ilikuwa imepanda. Mkuu alinipa barua ya onyo kwa kuondoka bila ruhusa, kisha akaniomba nimpeleke Mkuyuni akamwombe bibi radhi.

Vijana wa maabara wakiniuliza ninajivunia nini, huwasimulia habari hiyo. Kuna moja sijawahi kuwasimulia. Miaka mingi kabla ya hapo, katika kipimo kama hicho, likopeni ya mwanamume mmoja wa Mwembesongo ilishuka vilevile. Mkuu wa kwanza alisema afutwe. Nilimfuta kwa kalamu yangu, nikaenda kunywa chai.

Nilipostaafu nilizitafuta fomu za kipimo kile, nipate jina lake. Zilikwishachomwa. Sasa kila nikipita Mwembesongo najikuta nikikagua nyuso za wazee, mmoja baada ya mwingine, na sura yake siikumbuki.