Umewapa Maneno, Hujawapa Kazi

Nakumbuka Jumamosi moja pale mtaani Jericho, mwanangu, nikiwa msichana niliyejiona bingwa wa kuandika mapenzi. Vijana wa kanisa letu walikuwa wameniomba mchezo wa kuigiza, nami nikawaandikia kisa cha wapenzi waliokataliwa na wazazi. Karibu na mwisho nilimpa mvulana hotuba ndefu. Nyota zilikuwemo, mwezi ulikuwemo, na moyo uliwaka moto ukurasa mzima.

Mama Rhoda, aliyetufundisha kwaya, alikuja kutazama mazoezi. Hotuba ilipoisha akaniita kando.

"Umewapa maneno, hujawapa kazi," akasema. "Hayo anaweza kumwambia msichana yeyote."

"Lakini Mama, watu wanakuja kusikia mapenzi."

"Wanakuja kuyaona."

Sikubadilisha hata neno.

Sasa, walioigiza wapenzi hao, Wambui na Otieno, walikuwa wanapendana kwelikweli. Babake Wambui, seremala wa mtaa wa Ziwani, alikuwa amemwambia binti yake waziwazi kwamba hataki habari za kijana Mjaluo anayeshona viatu sokoni Kariokor. Alimruhusu kuigiza kwa kuwa ni mambo ya kanisa. Hakujua angeigiza na nani.

Jumamosi ya onyesho mzee alikaa mbele. Otieno alipotokea jukwaani, nilimwona mzee akichukua kofia yake ili aondoke. Mkewe akamshika mkono, akabaki, uso ameukunja.

Tukafika kwenye hotuba. Otieno ndiyo kwanza anafungua kinywa, mkanda wa kiatu cha Wambui ukakatika, akajikwaa. Otieno akaiacha hotuba. Akapiga magoti, akachomoa kamba ya kiatu chake mwenyewe, akakifunga kile cha Wambui taratibu.

"Kinakubana?" akauliza.

"Hapana."

"Haya, kanyaga tuone."

Wambui akakanyaga, akamtazama kwa namna ambayo mimi sikuwa nimeiandika. Nyuma ya pazia nilikuwa namnong'onezea Otieno maneno yangu, lakini hakunisikia. Wakashuka wameshikana mikono, Otieno kiatu kimoja kikimpwaya.

Watu walipotoka, mzee alimngoja Otieno mlangoni. Tulidhani atampiga. Akamtazama kutoka kichwani hadi miguuni, kisha akasema, "Kesho baada ya ibada uje nyumbani. Uje na mzee wenu mmoja."

Mazungumzo yale hayakuwa mepesi, wala hayakwisha siku ile. Lakini kitanda cha harusi yao alikitengeneza mzee yule kwa mikono yake.

Ndiyo maana, mwanangu, uliponisomea hadithi yako kwenye simu sikukusifu. Wale wawili wamekutana, ukurasa wa pili wanabusiana, wa tatu wanaapa kufa pamoja, na mimi bado sijui wanapendana kwa lipi. Mabusu hayanikeri, nimezeeka, sijawa jiwe. Ila nifanye niyangoje. Nionyeshe kwanza kile mmoja alichokiona kwa mwenzake ambacho wengine hawakukiona, na alichomfanyia bila kuombwa. Wape kazi, wape na majirani wenye maoni yao. Na kijana aliyeambiwa hapana akazidi kumfuata msichana hadi akachoka kukataa, usiniletee huyo ukamwita mpenzi. Nimewaona wa hivyo hapa mtaani, na nimewaona wake zao. Tena, kama hadithi yako haina haja ya mapenzi, yaache. Msichana anaweza kufika mwisho wa kitabu akiwa peke yake na tukafurahi naye.

Wengine watakwambia wanapenda ya moto na ya haraka. Waandikie wao wakitaka. Mimi nakwambia ninavyopenda, na sibadiliki.

Mungu akupe jicho la kuona watu kabla ya kuwaandika, akupe mkono usiochoka. Na siku yako ikifika, akupe mtu wa kukutazama vizuri, nawe umtazame.