Mwanangu Anataka Bibi Yake Amfundishe Kuomba

Wapendwa wa ukurasa huu, salamu. Admin, jina langu lifiche vizuri, maana sisi Wakongomani wa hapa Buffalo tunajuana hadi masufuria. Nina miaka thelathini na minne, nimeolewa, nina binti wa miaka tisa na mvulana wa miaka mitano. Tunaishi mtaa wa East Side, nafanya kazi ya kutunza wazee. Nimechoka jamani, na uchovu wenyewe si wa kazi.

Nilipokuwa na miaka tisa, kwetu Uvira, mdogo wangu alikufa kwa homa. Mama alikuwa anasali kwenye chumba kimoja cha maombi, na mchungaji wa pale akasema mtoto hakufa bure, kuna mtu nyumbani amemroga. Lawama wakaniangushia mimi. Kisa? Nilikuwa bado nakojoa kitandani, na msibani sikulia. Wakanifungisha kavu, bila chakula wala maji, mpaka niungame. Siku ya tatu nikasema ni mimi. Nikaeleza hata namna nilivyomla kichawi, maneno niliyokuwa nimeyasikia kwao wenyewe wakiomba. Watu wakapiga vigelegele, mama akacheza, kisha nikapewa uji. Toka hapo nikawa mchawi aliyeokoka, natembezwa kanisa hadi kanisa nikashuhudie.

Tulipoletwa Amerika tulifikia Columbus, mtaa wa Northland, na haukupita mwezi mama akapata kanisa la aina ileile. Nilipoolewa nilimwambia mume wangu twende popote ambapo hatuna mtu. Ndiyo tukaja Buffalo, na mama akahamia Louisville kwa kaka yangu. Watoto wangu hawajawahi kukanyaga kanisa. Jumapili tunaenda kufua nguo. Majirani wananisema, nami nilikuwa najisifu moyoni kwamba wanangu nimewaokoa.

Sasa binti yangu anampenda sana bibi yake, anamwita Koko. Wanaongea kwa video kila jioni nikiwa napika. Zamani ilikuwa hadithi na vicheko, lakini mwaka huu nikaanza kusikia wanaomba. Nikasogea nisikilize, nikisubiri mapepo na moto. Wapi! Mama yangu alikuwa anamshukuru Mungu kwa jino la mtoto lililong'oka. Yule yule mama yangu! Nilisikia wivu, sitawaficha.

Bibi akaomba watoto waende Louisville likizo yote ya kiangazi, wakasome Sunday school na wenzao. Nikakataa. Binti akaninunia, kisha akaniambia kwa Kiingereza chake, "Basi nifundishe wewe kuomba." Nikajifanya natafuta chumvi. Sala ninazozijua mimi zote zina vitisho ndani yake.

Wiki mbili zilizopita beji yangu ya kazini ilipotea. Binti hupenda kuichezea, kwa hiyo nikamuuliza yeye. Akasema hajaiona. Nilikuwa nimetoka kusimama kazini kwa muda wa saa kumi na mbili mfululizo, miguu inawaka, nikapandisha hasira. Nikamkalisha kwenye kiti cha jikoni, sahani yake ya wali nikaiweka juu ya friji, nikamwambia, "Hutakula mpaka useme ukweli. Mungu anakuona." Maneno hayo yalitoka yenyewe, hata sikuyatafuta. Mdogo wake akala, akamaliza, akaondoka mezani, yeye bado amekaa. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo, "Ni mimi, Mama. Niliitupa kwenye takataka." Nikampa sahani yake. Nilijiona mama hodari.

Kesho yake nikaikuta beji ndani ya gari, chini ya kiti changu mwenyewe. Alipotoka shule nikamuuliza, kwa nini ulisema ni wewe? Akainua mabega. "Nilikuwa na njaa. Na nilijua unataka niseme hivyo."

Nilimwomba msamaha, nikaingia bafuni, nikalia mpaka nikaishiwa nguvu. Miaka yote namkimbiza mtoto mbali na kanisa lile, kumbe mchungaji wa kule nimemweka jikoni kwangu, na ni mimi.

Nikampigia mama. Hatujawahi kuligusa jambo lile, hata siku moja. Nikamwambia, "Mama, mimi sikumuua mdogo wangu." Akasema, "Nilijuaka, mwanangu. Toka siku ya kwanza nilijua. Lakini kama haiko mtoto, wangesema mchawi ni mama. Wangenirudilia miye. Donc, ndiyo maana nilinyamaza." Nikamuuliza, na kucheza je? Akasema, "Nilicheza juu ya woga, haikuwa juu ya furaha." Halafu akalia, akaniomba msamaha, akasema, "Nitumie watoto. Ile sala ya woga sitawafundisha, nimeiacha."

Mume wangu anasema, "Bon, mama amezeeka, amebadilika, achilia." Yeye hakukaa siku tatu bila maji. Mimi ningemsamehe kirahisi zaidi kama angekuwa aliamini kweli kwamba mimi ni mchawi. Lakini alijua, akaniacha. Na bado, sauti ya upole pekee ambayo mwanangu amewahi kusikia ikimtaja Mungu ni ya bibi huyohuyo. Yangu ilimtaja mara moja tu, na mtoto alikuwa kwenye kiti, ana njaa.

Shule zinafungwa karibuni. Binti yangu ananiuliza kila siku kama ataenda, na mimi nazungusha maneno. Ndugu zangu, hasa nyinyi mliopitia vyumba vile vya maombi na leo mna watoto, semeni nami bila kunionea haya. Naogopa kumpeleka mwanangu kwa mama yangu. Naogopa zaidi kumbakiza na mimi. Nifanye nini?