Viatu vya Shule Ndani ya Oveni

Hadi leo nikinusa gesi, mimi hucheka kwanza ndipo nikimbilie dirisha. Harufu hiyo hunirudisha jikoni kwetu Isiolo, mbele ya oveni ambayo mama alipewa na dada yake, mama mkubwa Qabale wa Nairobi.

Oveni ile ilikataa kuwaka tangu iteremshwe kwenye lori. Mama alibonyeza swichi, akaingiza kiberiti, moto ukashika kwa kishindo, naye akaruka hadi mlangoni. Akiachilia swichi tu, moto unazima. Tulibadilisha mtungi, tukazibua vitundu kwa sindano. Baba, mjuzi wa ngamia, aliutikisa mtungi, akatangaza kwamba gesi imo, akaenda zake sokoni. Mwishowe tukaweka humo viatu vya shule, na kwa kweli havikupata vumbi tena.

Lakini kwenye simu mama alimwambia dada yake kwamba keki zinaiva vizuri ajabu. Alimpenda mno, akaona aibu zawadi yake iwe kabati. Basi Idd moja mama mkubwa akatokea bila taarifa.

"Salaam aleikum! Leo nimekuja kula ile keki yako."

Njia ya mwongo ni fupi. Kabla mama hajamkaribisha, mgeni alishafungua oveni na kutoa kiatu changu. Mama akaanza kulia. Mimi nilitamani ardhi inimeze, maana kiatu chenyewe kilinuka.

Mama mkubwa alikitazama, kisha akacheka mpaka akakaa chini.

"Wacha kulia, Rukia. Hata mimi ilinishinda. Unafikiri nilikupea juu ya nini? Kwangu ilikuwa inakaa sufuria!"

"Na ule mkate ulikuwa unaniambia unaoka?"

"Nilikuwa nanunua dukani."

Wakajaribu pamoja, mmoja kwenye swichi, mwingine na kiberiti. Moto uliposhika, kila mmoja alimng'ang'ania mwenzake asikimbie. Walipiga mayowe macho wakiwa wamefumba, na kwa hofu mama mkubwa akasahau kuachilia swichi. Alipoiachilia, moto ulibaki. Kumbe ilitaka kushikiliwa kidogo tu.

Keki iliungua upande mmoja, tukaila yote.

Wakati ule niliona kichekesho tu. Sasa dada yangu naye anaishi mbali, na kwenye simu kila kitu chake ni sawa, alhamdulillahi. Ndipo nikaelewa wale wawili walivyokuwa wakifichana. Kwa hiyo siku hizi mimi humuuliza, "Na viatu umeweka wapi?"

Hapo ndipo huanza kunieleza.