Siku Niliyosema Mama Ana Mshipa

Kila ninapofungua sanduku la nguo za baridi, harufu ya dawa ya nondo hunirudisha sokoni Majengo. Ndiyo harufu ya marobota ya mitumba, na mitumba ndiyo iliyonikuza. Serikali ilikuwa imeruhusu tena bidhaa za nje, na watu wa Sumbawanga, ambao miaka michache nyuma walipanga foleni kwa kipande cha khanga, sasa walichagua sweta kwa rangi. Mama yangu, mkulima wa Mpui, akaacha jembe akaweka meza ya masweta. Kwa baridi ya kule kwetu, msomaji wangu, wewe ungeuza nini?

Aliuza akiwa amesimama kutwa nzima. Alikung'uta sweta, akalishikilia kifuani kwa mteja na kumhakikishia kwamba limemkaa. Mimi nilifika mchana na stuli yangu kichwani. Shuleni madawati hayakutosha, hivyo kila mtoto alibeba kitu chake cha kukalia, akarudi nacho nyumbani. Nilikaa nyuma ya meza nikafanya hesabu, na kwa kuwa penseli yangu ilikuwa na tabia ya kuanguka, niliifahamu vizuri miguu ya mama. Mishipa ya kijani ilikuwa imevimba na kujikunjakunja kutoka nyuma ya goti hadi karibu na kifundo, mingine minene kuliko kidole changu cha mwisho. Jioni viatu vilimtoka kwa shida. Ngozi ya kifundo ilikuwa nyeusi, na alijikuna mpaka nikasikia.

"Uchovu tu," alisema.

Mama Tulizo, aliyeuza maharage meza ya pili na kumpenda mama kama ndugu yake, hakukubali. Kwa maoni yake, mama alikuwa amekanyaga kitu alichotegewa na mtu mwenye wivu. Akamtafutia mzee mmoja wa Mwazye, fundi wa kuchanja, aje Alhamisi na wembe, aipasue ile mishipa damu mbaya itoke. Mama, ambaye hofu yake kubwa ilikuwa kupoteza siku ya soko, alikubali ilimradi kazi ifanyike pale pale mezani.

Mimi niliogopa. Niliwahi kujikata kidole kwa wembe wa kuchongea penseli, na damu niliyoiona siku ile ilinitosha. Alhamisi nilipotoka shule sikwenda sokoni, nilikwenda zahanati. Benchi lilikuwa limejaa wazee. Nikateremsha stuli yangu, nikaketi katikati yao, na nesi aliponiuliza nina shida gani, nikajibu kwa sauti ya darasani: "Shikamoo. Mama yangu ana mshipa."

Benchi zima likacheka. Ninyi mnajua, mimi sikujua. Mtu akisema fulani ana mshipa, anazungumzia ule ugonjwa wa wanaume, unaowafanya watembee wametanua miguu, na haukutajwa mbele ya watoto.

"Mama yako, mjukuu wangu?" aliuliza mzee mmoja, akijifuta machozi kwa kofia.

"Ndiyo, babu. Tena anayo mingi."

Wakaanza upya. Ila nesi aliacha kucheka. "Mingi? Iko wapi?"

"Miguuni. Leo inachanjwa."

Akaweka kalamu chini. Alitembea upesi hivi kwamba mimi na stuli yangu tulimfuata kwa kukimbia.

Sokoni tulimkuta mzee wa Mwazye ameshachuchumaa mbele ya mama, wembe bado umo kwenye karatasi yake. Nesi akampa shikamoo kwa heshima zote, kisha akamwonyesha mguu. "Mzee, humu mna damu nyingi. Ukishapasua, utaizuia na nini?" Mzee aliutazama tena ule mguu. "Hii si kazi yangu," akasema, akaurudisha wembe mfukoni. Namshukuru mpaka leo, maana wengine wangeona aibu kusema hivyo.

Nesi akamgeukia mama. "Dada, umeona lori linavyopanda kutoka bonde la Rukwa? Likisita, utingo anakimbia kuweka gogo nyuma ya gurudumu lisirudi chini. Damu nayo inapanda kutoka miguuni, na ndani ya mishipa kuna vizuizi vinavyofanya kazi ya utingo. Vyako vimechoka, damu inarudi chini, mshipa unavimba. Hakuna aliyekutegea. Ni kusimama, ni uzazi, pengine hata mama yako alikuwa nayo."

"Alikuwa nayo," mama alisema taratibu.

Nesi akaupapasa mguu, akaufunga bandeji kuanzia vidoleni kwenda juu, akamwagiza aifunge hivyo kila asubuhi kabla hajashuka kitandani. Atembeetembee. Akilala, ainue miguu juu ya mto. Asijikune, maana kidonda cha pale kifundoni hakiponi upesi. Na mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, aende hospitali siku hiyohiyo.

"Na ukae. Huna hata stuli?"

"Ninayo," mama alisema. "Ila asubuhi inakwenda shule."

Nesi akaniangalia, nami nilikuwa nimeikalia. Mama Tulizo akamwaga maharage ya debe lake kwenye gunia, akalipindua na kulisukuma upande wetu.

Mishipa haikuisha, lakini kidonda hakikuja, na mama yupo. Mimi ni mwalimu sasa. Nasimama ubaoni kutwa, na kila asubuhi kabla sijashuka kitandani navaa soksi ndefu za kubana, kwa sababu mishipa yake nimeirithi. Ninapozivuta huwakumbuka wote, nesi, mzee, hata wale waliocheka.

Ijumaa ile, kesho yake baada ya nesi kuja sokoni, niliondoka nyumbani nimeiacha stuli kwa makusudi. Nilikuwa nimekaa sakafuni darasani mama alipotokea mlangoni, mguu una bandeji, stuli iko kichwani.

"Umesahau kitu chako."

"Sijasahau. Nimekuachia."

"Nesi amesema nitembee," alisema, akaitua mbele yangu. "Nimetembea."

Nilikaa, nikafurahi kwamba mama anafuata maagizo ya nesi.